Mahali pa Tangi la Samaki Katika Nyumba za Puta

Barabara itokayo Nchelenge kwenda kaskazini huandama ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Hupita Kashikishi, penye soko la samaki, kisha huendelea hadi Puta, katika nchi ya Wabwile. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kwa upande wa kusini, na maji hutokea kaskazini, huko Pweto, yakichukua jina jipya la Luvua. Ziwa hili lina eneo lipatalo kilomita za mraba 5,000, nalo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Wenyeji wa ufuko huu humjua samaki kwanza kama chakula, kisha kama fedha. Chisense, dagaa wa huku, huanikwa juani. Pale, ambaye ni jamaa ya perege, huenda sokoni. Lakini wako pia samaki wadogo ambao mvuvi hawajali sana. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta katika Ziwa Mweru aina mpya zipatazo 40 za samaki wa jamaa hiyo ya perege. Basi si ajabu mtu wa Puta akitamani kuwaweka wawili watatu katika tangi la kioo, watoto wawatazame. Swali linalostahili kutangulia ni hili: tangi litawekwa wapi?

Wengi watajibu upesi: dirishani, pale mgeni atakapoliona mara aingiapo. Huko Puta jibu hilo ni la hatari. Ziwa liko magharibi ya makazi. Kwa hiyo nyumba inayolitazama ziwa hupokea jua la alasiri moja kwa moja. Samaki wa ziwani maji ya juu yakipata moto huteremka kwenye kina, au hujificha katika kivuli cha matete. Wa tangini hana pa kwenda. Tena maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na mwanga mwingi huotesha ukoga wa kijani hata kioo kisionyeshe kitu. Mahali pema ni ukuta wa ndani, mbali na dirisha la magharibi, penye mwanga wa kusomea lakini pasipofikiwa na jua lenyewe.

Jambo la pili ni uzito. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kina cha 40 huchukua lita 112, na kila lita ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, jumla hukaribia kilo 150, yaani magunia matatu ya unga ya kilo 50. Kimeza cha redio hakiwezi kubeba mzigo huo. Yafaa meza ya mbao nzito yenye miguu imara, au jukwaa la matofali, juu ya sakafu isiyobonyea. Sehemu ya juu ipimwe kwa pima maji, maana tangi lililoinama upande mmoja huweza kupasuka kioo.

La tatu ni utulivu. Katika jamaa hii ya samaki wako ambao jike hulea mayai yake kinywani. Akitishwa mara kwa mara na mlango unaobamizwa au mikono inayogonga kioo, huweza kuyatema au kuyameza. Kwa hiyo ushoroba na nyuma ya mlango si mahali pake. Jiko la mkaa nalo liwe mbali, kwa sababu ya joto na moshi.

La nne ndilo husahauliwa zaidi. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi, na nyumba nyingi za wilaya hiyo zimepata kunyunyiziwa dawa ya mbu kutani. Kazi hiyo huokoa maisha ya watu, wala haifai kuzuiwa kwa ajili ya samaki. Lakini dawa nyingi za namna hiyo huua samaki hata zikiwa kidogo sana majini. Basi tangi lisigusane na ukuta, na mbele yake pawe na nafasi ya mtu kusimama na ndoo. Siku ya kunyunyiza, pampu ya hewa izimwe, maana huvuta hewa ya chumbani na kuitia majini. Samaki watolewe nje katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa safi, wala wasirudishwe kabla nyumba haijapata hewa. Chandarua chenye dawa kisitumiwe kamwe kufunikia tangi.

Nafasi hiyo ya ndoo itafaa kila juma, robo ya maji ibadilishwapo. Kwa tangi lililotajwa ni lita 28. Umeme nao hukatika, kama ilivyotokea Zambia nzima katika ukame wa mwaka 2024. Pampu isimamapo, samaki wachache katika mahali pa baridi hustahimili kuliko wengi walio juani.

Samaki wenyewe wachaguliwe kwa busara. Pale hukua kupita sentimita 30, na chisense huenda kwa makundi makubwa katika maji wazi. Hao wote si wa tangini. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na amri hiyo iheshimiwe hata kwa samaki wa kufuga. Samaki aliyeletwa kutoka maji mengine asitupwe ziwani.

Aliye na shaka juu ya mahali alipopachagua na aweke hapo beseni la maji kwa siku tatu. Atie mkono asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku kabla ya kulala. Maji yakiwa vuguvugu alasiri na baridi kali alfajiri, ahamishe beseni. Kuhamisha beseni ni kazi ya mtoto. Kuhamisha tangi lililojaa ni kazi ya kuanza upya.