Slaidi Nilizoziosha

Nilianza kuhesabu seli nyeupe nikiwa na miaka 22. Tone la damu kwenye slaidi, rangi ya Leishman, hadubini, kisha kuhesabu seli mia kwa kila mgonjwa mpaka macho yanatoka machozi. Kwenye damu ya watoto wenye pumu niliziona eosinofili zimejaa, chembechembe zake zimeiva rangi ya embe. Wenye minyoo walikuwa nazo vilevile. Kila nikifunga maabara jioni niliondoka na swali lilelile: ni nani anayeziita?

Kizazi changu ndicho kilichopata jibu. Mwaka 1987 watafiti walitambua protini inayoita neutrofili, seli nyeupe za aina nyingine; protini hiyo leo tunaijua kwa jina la interlukini 8. Mwaka 1994 timu ya Timothy Williams mjini London iliosha mapafu ya simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa majikoni huko Iringa na Njombe, ikampata mwitaji wa eosinofili: eotaksini. Protini za ukoo huu huitwa kemokini. Binadamu anazo kama 50, na vipokezi vyake ni kama 20. Kila kipokezi hupenya utando wa seli mara 7, kama uzi wa mshona kofia. Kemokini ikikigusa kwa nje, seli hupata habari ndani na kuanza safari kwenda panapovimba.

Basi fikirieni furaha yetu. Ziba kipokezi, seli isisikie wito. Pumu itulie, viungo viache kuvimba, utumbo upone. Fedha nyingi zikamwagwa, na majibu yakaja machungu. Vidonge vya kuziba kipokezi cha CCR1 havikuwafaa wagonjwa wa baridi yabisi. Dawa ya kuziba CCR3, mlango wa eotaksini, ilipojaribiwa kwa wenye pumu haikupunguza eosinofili kwenye makohozi yao. Mwaka 2013 vercirnon, ya kuziba CCR9, ilianguka kwenye jaribio kubwa la wagonjwa wa Crohn, maradhi ya utumbo.

Sababu ni kadhaa. Kemokini moja hubisha milango mingi, na mlango mmoja hupokea kemokini nyingi. Ukiziba huu, wito hupitia ule. Dozi nyingine hazikutosha kukiziba kipokezi usiku na mchana. Na ipo sababu inayonigusa kuliko zote: tulimwamini panya. Kipokezi chake si chetu. Baadhi ya dawa zilizokishika barabara kipokezi cha binadamu ziliteleza kwenye cha panya, na ugonjwa tuliomtia panya haukuwa ule wa mtu aliyelala wodini.

Inanigusa kwa sababu kosa la namna hiyo nililifanya mimi, kwa kalamu yangu. Vitabu vilitupa kiwango cha kawaida cha neutrofili. Wachangia damu wenye afya njema, vijana waliokuja kupimwa ili waajiriwe, siku nenda siku rudi walikuwa chini ya kiwango hicho. Niliandika "chini" kwenye fomu zao, miaka na miaka. Nililishuku jicho langu kabla ya kukishuku kitabu.

Kumbe jibu lilikuwa kipokezi cha kemokini. Juu ya chembe nyekundu za damu hukaa protini iitwayo Duffy. Miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia kuingilia, na kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika hawana. Mwaka 1993 ikajulikana kuwa Duffy hushika kemokini. Mwaka 2008, uchunguzi wa Wamarekani Weusi ukaonyesha kuwa hesabu yao ndogo ya seli nyeupe inatokana na jeni hiyohiyo ya Duffy, wala si ugonjwa. Niliowaandikia "chini" wengi wao walikuwa wazima. Kiwango ndicho kilichokuwa cha watu wengine. Na neno lile halikuishia kwenye faili. Hesabu kama hizo zimewafungia wazima nje ya majaribio ya dawa, na zimewacheleweshea wagonjwa wa saratani tiba yao.

Mlango mmoja uliozibika vizuri ulianza kwa kuwatazama watu. Mwaka 1996 baadhi ya waliokutana na virusi vya UKIMWI mara nyingi bila kuambukizwa walikutwa wamerithi kwa baba na kwa mama jeni iliyokatika ya CCR5, kipokezi ambacho virusi hivyo hukifanya mlango wa kuingilia seli. Urithi huo ni wa Ulaya; huku kwetu karibu haupo. Ndipo ikaja maraviroc, dawa ya kuziba CCR5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007. Kabla mgonjwa hajaandikiwa, virusi vyake hupimwa kwanza, ijulikane vinapita mlango upi.

Wajukuu zangu mlioko maabara, mashine zenu huhesabu maelfu ya seli kwa muda mfupi na kujiwekea alama ya "chini" zenyewe. Mkiiona inajirudia kwa watu wazima, msiizoee. Andikeni umri wa mtu, anakotoka, anavyojisikia, mkamuulize daktari, mkaulizane. Mimi jibu lilikuwa mikononi mwangu kila asubuhi, limekauka juu ya kioo, na kila jioni nililiosha kwa maji na sabuni, nikalianika, ili kesho slaidi itumike tena.