Furaha Inayoweza Kuombewa

Vijana wa usharika hutuuliza mara kwa mara: je, ni dhambi Mkristo kwenda kwenye tamasha la muziki wa kidunia? Wengi hutaka jibu fupi, ndiyo au hapana. Swali hilo lilipotufikia sisi wenyewe, tulikaa nalo wiki mbili.

Ilikuwa mwaka 2023. Tulikuwa wachungaji watatu wa Kitanzania tukisoma theolojia Saint Paul, Minnesota, mji wa Marekani ambao Walutheri wake wana ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa. Zikaja habari kwamba mwezi Oktoba kundi la Queen litapiga katika ukumbi mkubwa wa Xcel Energy Center, katikati ya mji. Mwenzetu mzaliwa wa Bukoba akasema, "Watumishi, mimi natamani kwenda. Twendeni wote."

Mwimbaji aliyelipa kundi hilo sifa alikuwa Freddie Mercury. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Mwaka huo wa 2023 wenzake wawili, Brian May na Roger Taylor, walikuwa wamevuka miaka 70 na bado walikuwa wakipiga, huku Adam Lambert akiimba.

Tukafungua kompyuta mezani. Ramani ya ukumbi ilionyesha viti kwa rangi, kila rangi na bei yake. Viti vya karibu na jukwaa vilizidi posho yetu, basi tukatazama vya juu kabisa, karibu na paa. Hata huko, gharama za huduma ziliongezwa mwishoni. Tulihesabu pia nauli ya treni ya mjini, na vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele. Hapo mwenzetu wa Machame akaifunga kompyuta taratibu.

"Ndugu zangu," akasema, "washarika wetu hutoa sadaka ya mayai na ndizi. Wakisikia mchungaji amelipa fedha hii akae mahali pa pombe, amsikilize mtu ambaye maisha yake tunayajua, tutawaeleza nini?"

Hakuna aliyemcheka. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo la namna hiyo katika sura ya nane ya waraka wa kwanza: ujuzi wangu usimwangushe ndugu yangu.

Siku ya tatu mwenzetu wa Bukoba alitueleza sababu yake. Kaka yake alifariki mwaka huo huo wa 1991. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo za mtindo wa wakati ule. Msibani walisema ni homa. Wengine walisema amerogwa. "Kaka yangu hakuna aliyemtaja pamoja na ugonjwa wake," akasema. "Huyu wa Unguja aliutaja mwenyewe, na rafiki zake hawakumwonea haya."

Kweli hawakumwonea haya. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 1992, walifanya tamasha la kumkumbuka katika Uwanja wa Wembley, London, na fedha zake zikaenda kwenye vita dhidi ya UKIMWI. Katikati ya tamasha hilo mwimbaji David Bowie alipiga goti mbele ya umati na kusali Sala ya Bwana. Tulipolisoma hilo, tulinyamaza wote watatu.

Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba yako mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Luther mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi, na aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia. Lakini uhuru huo tumepewa ili tumtumikie jirani. Kwa hiyo tulipatana mambo matatu. Kila mmoja alipe kutoka posho yake, si fedha ya ada wala ya nyumbani. Lisiwe jambo la siri: tuwaandikie wazee wa kanisa kwetu kabla ya kununua tiketi. Na asiye na amani moyoni asivutwe, wala asihukumu.

Mwenzetu wa Machame alichagua kubaki. Alisema atatuombea tukiondoka, na tukirudi tutakuta ugali umefunikwa. Tukanunua tiketi mbili. Jioni hiyo tulisali pamoja, tukamtaja yule kaka wa Bukoba kwa jina lake, na ugonjwa wake pia.

Mpendwa msomaji, unapopanga starehe yako, hesabu gharama, kisha jiulize: naweza kuiombea? Naweza kuitaja mbele ya wazee wa kanisa? Anayebaki nyumbani bado ni ndugu yangu? Ukishindwa kujibu, acha kwanza. Ukiweza, nenda kwa shukrani, kwa maana Bwana aliyekaa kwenye arusi ya Kana hajawahi kuikataa furaha ya watu wake. Amina.