Viatu vya Shilingi 5,200

Kwa miezi mitatu nilimwita binti yangu mdekaji, asubuhi kabla hajaenda shule, kwa sababu alikuwa akikanyaga visigino vya viatu vyake. Alikuwa na miaka saba. Viatu vilinigharimu shilingi 5,200, na sikuweza kuvumilia kuona ngozi ya bei hiyo imelazwa kama ndara. Nilimkaripia mbele ya mdogo wake. Siku moja nilimkaripia mbele ya mama yangu, ambaye watoto humwita susu, naye susu akainuka akatoka nje bila kusema neno. Aliyekosa nilikuwa mimi, na nimeona nilieleze kosa lenyewe lote, kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayelifanya.

Nilikulia upande wa Masii. Hadi darasa la tano nilikwenda shule miguu mitupu, na mchanga wetu wa Ukambani katika mwezi wa Septemba, saa saba mchana, haukanyagiki. Unarukaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Viatu vyangu vya kwanza vilikuwa sandak, vile vya plastiki, na kaka yangu alivivaa kabla yangu. Kidole chake kilikuwa kimeacha uvimbe upande wa kulia, na mguu wangu ulikaa ndani ya umbo la mguu wake kwa miaka miwili. Nikaapa kwamba mwanangu hatavaa kiatu kilichobakishwa na mguu wa mwingine.

Basi Januari alipoingia Gredi ya 1, nilimpandisha matatu tukaenda Nairobi. Hapa kwetu Machakos mjini viatu vya shule vilikuwa tele: vya dukani kwa elfu moja na mia kadhaa, vya mitumba vimemwagwa kwenye turubai kwa mia tatu, mia nne. Sikuvitazama. Nilitaka duka linalopima.

Na walipima kweli. Muuzaji alipiga goti, akamsimamisha binti yangu juu ya bamba la chuma lenye mistari na vikomo vinavyoteleza, la aina aliyoibuni Charles Brannock, mtoto wa muuza viatu wa Syracuse, New York, katika miaka ya 1920. Akasukuma kikomo kimoja hadi ncha ya kidole gumba, kingine akakisogeza pembeni kupima upana, kisha akahamia mguu wa pili, kwa kuwa miguu ya mtu mara nyingi hailingani. Sentimita 19.2. Namba 31. Alipomvika, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole chake, akaniita nami nibonyeze. Nafasi hiyo, alisema, ndiyo ya kukulia. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akimpigia mwanangu goti namna ile, na nadhani sehemu ya pesa zangu ililipia goti hilo.

Akaongeza neno moja tukiwa mlangoni: tumrudishe baada ya miezi mitatu apimwe tena, bure. Nilimwitikia vizuri. Sikumrudisha hata mara moja. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni pesa, lakini sitaki kujificha nyuma ya nauli. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: kiatu cha bei ile ni cha miaka miwili.

Muhula wa tatu ulipoanza, mama yake aliniambia viatu vinambana mtoto. Nikamjibu kwamba vilipimwa. Akarudia kuniambia mwezi wa kumi, wakati wa mvua, mtoto alipokuwa akirudi na soksi zilizotoboka mbele. Nikajibu vilevile. Neno hilo, vilipimwa, nilikuwa nikilitoa kama mtu anayetoa hati ya shamba. Binti yangu mwenyewe aliponiambia, nilimsimulia habari za Masii na ule mchanga. Nikamwambia hajui maana ya shida. Baada ya hapo hakusema tena. Ndipo alipoanza kukanyaga visigino, na jirani akaniambia amemwona akivivua kabisa akishapita lango la shule, akavishika mkononi hadi nyumbani.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata nikavipeleka kwa fundi karibu na stegi ya magari, avisimamishe visigino na kuvipanua kidogo. Aliingiza vidole viwili akachomoa soli ya ndani, akaigeuza kwenye mwanga wa jua. Ngozi ile nyembamba ilikuwa imechukua alama ya mguu wa mwanangu kama udongo mbichi unavyochukua wayo. Kisigino, duara jeusi. Ukingo wa nje, mstari mpana. Vile vidole vinne vidogo havikuwa na alama nne. Vilikuwa doa moja lililosongamana. Na alama ya kidole gumba haikuishia kwenye soli. Ilifika ukingoni ikakatika, na fundi alipoinamisha kiatu nikaiona imeendelea kwenye ukuta wa mbele, mahali ambapo bitana ilikuwa imetoboka.

“Mzee,” akaniambia, “pembeni naweza kukipanua. Urefu hauongezwi.” Akanirudishia vyote viwili. Hakunitoza kitu.

Jioni ile nilitia maji ya vuguvugu kwenye karai nikamwosha miguu mimi mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu akiwa mdogo sana. Ukucha wa kidole gumba cha kulia ulikuwa mweusi hadi shinani. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja chini ya jirani yake, na nilipokinyoosha kilirudi palepale. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia.

Sina la kuongeza juu ya jibu hilo. Ukucha ulidondoka, ukaota mwingine, na kile kidole kimenyooka kwa kiasi, ingawa hadi leo nikimkata kucha hukigusa kwanza.

Baadaye nilikaa na rula kujua nilipopotelea. Namba moja ya kiatu kwa hesabu ya bara la Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hesabu ya Uingereza ni theluthi ya inchi, kipimo kilichotokana na urefu wa punje ya shayiri. Mguu wa mtoto wa miaka sita au saba huongezeka takriban sentimita moja kwa mwaka. Maana yake anapita namba moja, na wakati mwingine anaikaribia ya pili, kabla hujamaliza kujisifu kwamba ngozi bado ni imara. Ile nafasi niliyobonyeza kwa kidole dukani ilikuwa ya milimita 12 hivi. Binti yangu aliimaliza yote. Jioni ile ya karai nilimpima: sentimita 20.4.

Na mtoto halii kama mtu mzima anavyolia kiatu kinapombana. Mifupa ya mguu wake bado haijakomaa, sehemu yake ni gegedu laini, kwa hiyo mguu unakubali kukunjwa na kusongwa bila maumivu makali. Mimi nilikuwa nikisubiri kilio.

Yako mengine niliyokuwa nikiyaamini. Nilidhani kiatu kigumu cha bei hujenga mguu, huupa ule upinde wa chini. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300: wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6 kati ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 kati ya waliokwenda peku. Simrudishi mtoto peku kwa sababu hiyo. Funza wako, safura iko, miiba iko, na mtoto wa Machakos anahitaji kitu kati ya wayo na ardhi. Ila kazi ya kiatu ni kuulinda mguu. Kuujenga, mguu unajijenga wenyewe ukipewa nafasi.

Mzazi mwenzangu akiniuliza leo kama viatu vile vilistahili bei yake, namjibu kwamba kwa miezi minane au tisa vilikuwa viatu bora kuliko vyote alivyowahi kuvaa, na baada ya hapo vya mia nne vya kwenye turubai, vyenye namba sahihi, vingemfaa zaidi. Kilichokuwa na thamani pale dukani ni kupimwa, na kipimo huchacha kama maziwa. Nami bei ndiyo iliyonizuia kupima upya, kwa sababu nilijua jibu litanigharimu. Ningenunua vya elfu moja na nusu, mwezi wa tisa ningevitupa bila kuumia.

Siku hizi, kila muhula unapoanza, namsimamisha jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za mchana, juu ya boksi lililokunjuliwa. Nachora mguu mmoja, nachora wa pili, nachukua ule mrefu, naongeza upana wa kidole changu gumba mbele, nakata. Kipande hicho cha boksi naenda nacho dukani au sokoni, nakitumbukiza ndani ya kiatu. Kikijikunja, narudisha kiatu. Susu ndiye anayeviweka vipande vya zamani. Amevipanga ndani ya Biblia yake, kidogo hadi kikubwa.

Januari hii tuliingia duka moja hapahapa mjini. Boksi lilikaa vizuri ndani ya namba 35. Nikamvika, nikafunga kamba, nikamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Hakuinuka kitini. Alivitazama, akanitazama.

“Baba, hivi ni pesa ngapi?”

Nikamwambia atembee kwanza.