NAULI YA KIKOMBE KIMOJA: Kutoka Mbagala hadi Muhimbili na mbwia unga

Mpenzi msomaji, ukurasa huu umezoea kukutembeza kwenye raha. Tumekula samaki Bagamoyo, tumepigwa na baridi Lushoto. Leo naomba uniwie radhi. Safari ya leo ni ya humu humu jijini, kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Muhimbili, na niliifanya mwaka 2012. Mwenyeji wangu alikuwa mpwa wangu, mbwia unga.

Kisa chenyewe kilianza na nauli. Kijana huyu, mtoto wa dada yangu, alikuwa keshatuibia hadi pasi ya mkaa. Unga alianza kwa kuuvuta pamoja na bangi, ile wanayoiita kokteli, akamalizia kwenye sindano. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia, "Shikamoo anko, naomba nauli," nauli gani tena? Kila mtu pale nyumbani alijua ni hela ya kete. Kwa hiyo alipokuja na hadithi kwamba Muhimbili kuna dawa ya kuacha unga, inatolewa bure, ila lazima aifuate kila siku ya Mungu, mie nilicheka.

Dada yangu hakucheka. Akaniambia, "Kaka, kama humwamini usimpe hela. Panda naye gari ukajionee."

Basi saa kumi na moja na nusu alfajiri tukawa kituoni Rangi Tatu. Kijana alikuwa anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka, mikono kaikumbatia tumboni kama mtu mwenye homa. Hiyo ndiyo arosto. Mwili uliozoea unga ukiukosa kwa saa kadhaa tu, hugeuka adui: mifupa inauma, tumbo linakata, usingizi hakuna. Alikuwa wiki yake ya pili ya matibabu na dozi bado ndogo. Haifiki asubuhi.

Gari ya kwanza konda alimwangalia mara moja tu. "We teja, shuka, utanichafulia abiria." Nikasema huyu yuko na mimi, na nauli zote mbili hizi hapa. Konda akanitazama na mimi vile vile. Tukashuka, tukasubiri nyingine. Mpwa wangu hakusema neno, nikajua mambo hayo kwake ni ya kila asubuhi.

Ya pili ikatuchukua. Zakhem, Mtoni, Aziz Ally, halafu foleni. Tulipofika Bandari nikawa natazama meli na kuwaza jinsi huo unga unavyofika kwetu. Sehemu kubwa hutoka Afghanistan, hupita pwani ya Pakistan na Iran, hupakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Miaka ya 1980 Dar ilijua zaidi unga wa kahawia, ambao watu waliuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia mweupe, unaoyeyuka kirahisi kwenye maji. Hapo ndipo sindano ikashika kasi vijiweni.

Tulishuka Kariakoo. Toka hapo, kama una hela, unapanda gari nyingine. Kama huna, unakanyaga kwa miguu kupitia Fire, unaingia barabara ya Umoja wa Mataifa hadi lango la hospitali. Mpwa wangu siku zote alikanyaga, tukakanyaga.

Msomaji, hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Katikati ya njia alinishika mkono ghafla, tukavuka barabara kwenda upande wa pili. Nikamuuliza kulikoni. "Pale kwenye kona ni kijiwe chetu, anko. Wakiniona wataniita, na leo mwili unauma." Kweli, kulikuwa na vijana wanne wamechuchumaa ukutani, mmoja akapunga mkono. Kila asubuhi huyu mtoto, na arosto yake, alikuwa anapita mbele ya unga ili aifikie dawa.

Tukiwa tunatembea akanisimulia habari za binti mmoja wa kijiwe kile. Siku akikosa hela ya kete, mwenzake aliyekwisha kujidunga alikuwa anavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba la sindano na kumpa ajidunge, wakiamini damu hiyo ina unga wa kutuliza arosto. Nikadhani ananitisha. Kumbe jambo hilo liliandikwa mwaka 2005 na mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake katika jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza, na walilikuta hapa hapa Dar es Salaam, kwa akina dada maskini kabisa. Mtoaji aliona anamhurumia mwenzake. Hebu fikiria huruma hiyo inabeba nini ndani yake.

Utafiti uliofanyika Temeke mwaka 2011 ulikuta kwamba kati ya wanaojidunga, zaidi ya mmoja katika kila watatu ana virusi vya Ukimwi. Kwa wanawake ilikuwa wawili katika kila watatu. Wakati huo kwa watu wazima wa Tanzania nzima ilikuwa kama watano katika kila mia.

Tukafika Muhimbili. Nilitegemea kukuta vurugu, nikakuta foleni ya watu waliooga. Kliniki hiyo ilifunguliwa Februari 2011, ikiwa ya kwanza ya umma ya aina yake kwa Afrika bara kusini mwa Sahara (Mauritius, ambacho ni kisiwa, walitangulia mwaka 2006). Mmoja wa walioisimamia ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Dk. Jessie Mbwambo. Ilifunguliwa siku zote saba, Idi na Krismasi pia, maana arosto haijui sikukuu.

Mpwa wangu akafika dirishani. "Shikamoo sista." Sista akaangalia kitambulisho, akaangalia daftari, akapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, akamkabidhi. Kijana akainywa pale pale mbele yake, akanywa na maji, akaongea neno moja mbili ili ionekane amemeza. Basi. Dakika moja haikuisha. Nikabaki nimeduwaa: yaani tumeamka usiku, tumetukanwa na konda, tumekwepa kijiwe, kwa ajili ya funda moja!

Dawa yenyewe inaitwa methadoni. Wajerumani waliitengeneza kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa kutuliza maumivu. Katikati ya miaka ya 1960 madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, wakaonyesha kwamba mraibu wa unga akipewa methadoni kila siku anatulia na kurudi kwenye maisha. Ni ndugu wa unga, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba unga hupanda haraka na kushuka baada ya saa chache, mtu anatafuta tena. Methadoni hupanda polepole, hukaa kama siku nzima, haimleweshi mtu aliyepata dozi inayomfaa, na hainyweki kwa sindano. Lakini si ya mchezo. Huanza kidogo kidogo na kupandishwa taratibu, kwa sababu ikizidi, au ikichanganywa na pombe na vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukata. Mgonjwa akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hushushwa na safari huanza upya. Hata dawa moja ya kifua kikuu, rifampisini, huipunguza nguvu mwilini, ndiyo maana daktari lazima ajue kila kidonge unachokunywa.

Kama saa mbili baadaye tulikuwa tumekaa chini ya mti. Miayo imekoma, kamasi zimekauka. Akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, mmoja mmoja kwa majina. Ilikuwa kama miaka minne hajawahi kuniuliza.

Njiani kurudi nikapiga hesabu. Akitembea toka Kariakoo, anahitaji nauli mbili kwa siku. Mwaka mzima ni nauli 730. Dawa bure, matibabu bure, lakini 730 lazima mtu azitoe. Azitoe wapi, wakati njia aliyoijua ya kupata hela ni kuiba?

Wataalamu waliwafuatilia watu 629 walioanza dawa Muhimbili kati ya Februari 2011 na Januari 2013. Baada ya mwaka, zaidi kidogo ya nusu walikuwa bado wanahudhuria. Waliopewa dozi ndogo mno walikimbia zaidi, na vijana walikimbia kuliko watu wazima. Wanawake walikuwa wachache sana kwenye foleni, lakini wakishaingia walishikilia kuliko wanaume. Kukimbia huko wengi tunakuita kukosa nia. Mie baada ya asubuhi ile siwezi tena kusema hivyo bila kuuliza kwanza mtu huyo anaishi wapi na konda wake ni nani.

Nauli nikawa natoa. Sikumpa mkononi, nisidanganye. Nilimpa dada yangu kila Jumapili. Mwaka 2013 kijana alianguka, akapotea wiki tatu kijiweni. Tukamrudisha, akaanza upya na dozi ndogo. Baadaye huduma ikafika Hospitali ya Temeke, akahamishiwa huko. Gari moja tu toka Mbagala, na kona ile haiko njiani. Naamini hiyo kona kutokuwepo njiani ilimsaidia kuliko mahubiri yangu yote.

Leo huduma hii ipo pia Mwananyamala, Dodoma, Mbeya, Mwanza na Kidongo Chekundu kule Unguja. Kama nyumbani kwako yupo mtu wa aina hii, na najua kwa wengi wenu yupo ila hamsemi, muulize ni ipi iliyo jirani naye. Halafu mpande wote gari siku ya kwanza.

Mpwa wangu sasa anashusha mizigo sokoni na nauli anajilipia. Juzi alinipigia, akasema, "Anko, ile pasi nitakununulia." Nikamwambia siku hizi tunatumia ya umeme.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi Lushoto. Wekeni masweta tayari.