Mafuvu ya Sukari

Kwetu mtu akikutwa na mafuvu ya vichwa nyumbani mwake, majirani watamwita mchawi kabla ya jua kuchwa. Huko Meksiko mama wa nyumba huyatengeneza kwa sukari, pamoja na watoto wake, kila mwaka zinapokaribia sikukuu ya Watakatifu Wote na siku ya Marehemu Wote. Nilikaa mwaka mmoja mjini Toluca, nikipanga chumba kwa mama mjane, na kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu.

Toluca ni mji wa baridi, ulio juu zaidi ya mita 2,600, nao husifiwa sana kwa sanaa hiyo. Mafundi wake huuza mafuvu na wanyama wadogo wa sukari katika soko liitwalo Feria del Alfeñique. Huchemsha sukari na maji na ndimu kidogo, wakaimimina katika kalibu za udongo zilizolowekwa. Ukingo ukishaganda, humwaga uji wa katikati, nalo fuvu hubaki tupu ndani. Mama yule alifuata njia nyepesi zaidi. Alichanganya sukari na ute wa yai na maji machache sana, mpaka ikawa kama mchanga mbichi unaoshika alama ya kidole. Tukaishindilia katika kalibu, tukaipindua juu ya karatasi ngumu, tukaiacha ikauke usiku kucha. Siku ya mvua hakukubali kazi ianze, kwa maana sukari hunywa unyevu wa hewa, na fuvu huanguka taya. (Kwetu Bukavu, pamoja na mvua zetu za Novemba, sijui tungefanyaje!)

Mapambo ndiyo furaha yenyewe. Ute wa yai hupigwa pamoja na sukari ya unga, ukatiwa rangi, ukakamuliwa kwa karatasi iliyosokotwa: maua kuzunguka macho, nukta mashavuni, karatasi ya kung'aa ndani ya matundu ya macho, na jina juu ya paji la uso.

Watoto hawakuwa na hofu yoyote. Kila mmoja alikuwa na fuvu lenye jina lake mwenyewe, maana huko watu walio hai hupeana hayo kuwa zawadi. Nilipopewa la kwangu sikutaka kulishika. Mama akacheka, akasema: «Mwanangu, je, wewe hutakufa?» Sikuwa na la kujibu.

Kisha akaniuliza kama nina marehemu wangu. Nikamsimulia habari za mdogo wangu, aliyefariki mimi nikiwa safarini. Barua ilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa, wala sikutupa hata konzi moja ya udongo kaburini mwake. Hapo mama hakucheka tena. Alinisogezea fuvu lisilo na jina. Niliandika, mkono ukitetemeka, herufi zikaenda upande.

Liliwekwa juu ya meza ya ukumbusho, iitwayo ofrenda, karibu na picha ya mumewe, kati ya mishumaa, mkate, chumvi, bilauri ya maji na maua ya rangi ya machungwa yaitwayo cempasúchil. Tarehe 1 Novemba hukumbukwa watoto waliokufa, na tarehe 2 watu wazima. Desturi hii ina mizizi iliyotangulia kufika kwa Wahispania, ingawa ndio walioleta miwa. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wako wanaosema kwamba ni kuchezea mauti. Mimi niliyemwona mama yule amepiga magoti mbele ya meza ile, akimsalia mumewe Rozari nzima, siwezi kusema hivyo.

Tarehe 3 watoto walivunja mafuvu yao, wakala. La mdogo wangu walinigojea mimi. Nililivunja, nikawagawia, na kipande chenye herufi ya kwanza ya jina lake nikala mwenyewe.