Sensa ikipiga kelele, usiizibe mdomo!

Kuna watu ambao kwao dawa ya kila ugonjwa ni panadoli. Kichwa, panadoli. Goti, panadoli. Umeachwa na mchumba, panadoli mbili na maji ya baridi! Mafundi wetu wa mtaani nao wana panadoli yao: kitu kikilalamika, kata waya wa kinacholalamika. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi? Chomoa balbu. King'ora cha gari kinakera? Ng'oa. Na mashine ya kuchonga mbao ikigoma na kuandika kwamba sensa imeguswa, basi zima sensa, maisha yaendelee.

Nasema sensa, msomaji wangu, usije ukadhani ile ya Agosti 2022 tuliyohesabiwa. Hii ni swichi ndogo tu yenye kiulimi cha bati, ukikibonyeza inalia "tik". Kazi yake ni kukaa mwisho wa reli na kuiambia mashine, "Bibie, hapa ndio mwisho, mbele ni ukuta."

Mashine yenyewe iko uwani kwangu, juu ya meza. Wenyewe wanaiita 3018, maana eneo lake la kuchonga ni kama sentimita 30 kwa 18. Usiifananishe na kazi ya wachongaji wa Kimakonde pale Mwenge, wale wanatumia tezo, patasi na vichwa vyao. Hii yangu inafuata mchoro kutoka kwenye kompyuta. Mota tatu zinaisogeza, kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na ya nne inazungusha biti. Ubongo wake ni bodi ndogo yenye programu iitwayo Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mnorwe mmoja, Simen Svale Skogsrud, na inatolewa bure kabisa. Mnorwe wa watu, Mungu ampe maisha marefu.

Sasa kasheshe. Dada mmoja mteja wangu aliniletea kipande cha mninga kilichokatwa kwenye kitanda cha marehemu baba yao. Alitaka kifuniko cha kasha la vito, kichongwe maua na jina la mdogo wake ambaye sendofu yake ilikuwa Jumamosi. "Kaka," akaniambia, "ubao mwingine hakuna. Kitanda chenyewe wajomba walishagawana."

Jumatano jioni nikawasha. Dakika 20 mambo safi, maua yanatoka kama yamepakwa siagi. Ghafla, kimya! Kwenye skrini ALARM:1. Maana yake mashine inaapa kwamba imegonga mwisho wa reli. Naitazama, iko katikati ya ubao, ukuta wenyewe hauoni hata kwa darubini. Nikaianzisha tena, ikaenda dakika 5, ikagoma. Mara ya tatu haikumaliza hata jani moja.

Nikampigia mshikaji wangu mwenye mashine kama hii. Akacheka. "Oya, unateseka nini? Andika $21=0, hutasikia kelele tena." Hiyo alama ya dola isikutishe, hulipi kitu, ni namna ya kuiamrisha Grbl. Na kweli ukiandika hivyo sensa zinapuuzwa mashine ikiwa kazini. Tatizo ni kwamba siku ikigonga kweli, mota zitanguruma pale pale, zitapoteza hatua, na mashine itaendelea kuamini iko mahali ambapo haipo. Hapo jina la bi harusi linachongwa juu ya ua. Kwa ubao wa duka unasema bahati mbaya. Kwa kitanda cha baba wa watu utasema nini?

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Bongo tulitakiwa kulijua kuliko Wanorwe: umeme kukatika. Mashine yenye sensa, umeme ukirudi, ukiiamrisha inaenda kutafuta "nyumbani", yaani zile swichi, inazigusa, inajua iko wapi. Sehemu ulipoanzia ubao wako bodi inaikumbuka. Basi unarudisha mstari wa programu nyuma kidogo na biti inaingia kwenye mfereji ule ule. Isiyo na sensa unaipanga kwa jicho, na jicho la saa nne usiku tunalijua.

Kwa hiyo sikuzima kitu. Ubao niliuacha umebanwa vile vile, nikaanza upelelezi.

Kwanza vumbi. Mninga unatoa vumbi laini kama poda ya mtoto, linaingia hadi kwenye kiulimi cha swichi. Nikazima, nikapiga brashi kavu. Nikawasha, nikaandika alama ya kuuliza, hii hii "?". Grbl inakujibu hali yake, na kama kuna sensa iliyobonyezwa utaona Pn: ikifuatiwa na herufi, X, Y au Z. Ukiiona herufi wakati hakuna kilichogusa, mchawi wako ni swichi iliyokwama au waya unaogusana na mwenzake. Mimi sikuona herufi yoyote. Nikabonyeza swichi moja moja kwa kidole, kila moja ikaitika. Zote nzima!

Ukiona hivyo, mchawi anakuja kazi ikianza tu na kuondoka kazi ikisimama. Huyo ni umeme.

Nikatoa biti, nikaiacha mashine ichonge hewa na mota ya kukatia imezimwa. Programu nzima ikaisha bila alamu. Nikawasha mota ya kukatia, poa. Nikawasha na mashine ya kunyonya vumbi, haikufika dakika 3: ALARM:1. Nimekukamata!

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio. Hajawahi kuiona Grbl maishani mwake. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, jirani akiwasha blenda, redio yako inafanyaje?" Nikamwambia inakwaruza. "Basi hiyo swichi yako ni redio. Waya wake mrefu ni eriali."

Ndivyo ilivyo. Waya mwembamba wa sensa ulikuwa umefungwa kifundo kimoja na waya wa mota, kutoka huko huko dukani, na unapita kando ya ule wa mashine ya vumbi. Kelele za umeme zinarukia ndani yake, bodi inadhani swichi imebonyezwa. Mzee alinipa waya wenye kava la nyuzi za shaba, akaniambia kava hilo nilifunge kwenye ethi upande mmoja tu, na kapasita tatu za 0.1 µF, moja kwa kila sensa, kati ya waya wa ishara na grandi pale kwenye bodi. Kisha akaitaka ekstensheni yangu. Akaipima kwa testa, akaifungua: tundu la tatu lipo, waya wa ethi haupo! Ekstensheni mpya kabisa, ina ethi ya urembo.

Gharama yote ilikuwa chini ya bei ya biti moja nzuri.

Alamu nyingine nitazipitia haraka, maana mtaniuliza. Namba 9 huja mashine ikitafuta nyumbani isipaone. Angalia waya uliokatika au swichi iliyolegea. Namba 8 imeigusa swichi ikashindwa kuiachia. Ongeza $27 kutoka milimita 1 hadi 3, mara nyingi yanaisha. Na ukitoa biti ukairudisha, pima kimo upya juu ya sehemu ya ubao ambayo haijachongwa, la sivyo utachimba kisima.

Ijumaa nikairudisha mashine nyumbani, "tik, tik, tik", nikaanza mistari michache kabla ya pale ilipogoma. Umeme ulikatika mara moja, saa mbili usiku, mambo ya mtaa wetu. Uliporudi, biti ikaingia kwenye mfereji wake na kiungo hukioni.

Dada alikuja Jumamosi asubuhi na nywele ziko kwenye rola. Akapitisha kidole juu ya jina, akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama kipande kilichobaki kinatosha kibao cha mlangoni kwa mama yao. Kinatosha. Nitakichonga wiki ijayo, mchana, maana usiku mama mwenye nyumba anawasha blenda yake ya juisi, na redio yangu bado inakwaruza.