Nduma Isiyofukiwa

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Ukweli wa methali hiyo ulimdhihirikia binti mmoja wa chuo kikuu aliporejea nyumbani kwao Nyeri kwa likizo ndefu. Alimkuta babake, mkulima wa kahawa aliyepooza upande wa kulia, ameketi kimya akilitazama tangi dogo la kioo alilonunuliwa ili limliwaze. Mlikuwa na maji ya ukungu, majani ya plastiki na samaki wa dhahabu wawili. Awali walikuwa watano.

“Hao nao wataniacha,” alisema mzee.

Binti alitambua kiini cha vifo hivyo. Samaki walikuwa wengi kuliko maji. Kinyesi chao na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu, na majani ya plastiki hayawezi kuifyonza. Mimea hai huifyonza ikaifanya chakula chake. Basi akasafiri hadi Nairobi, akarudi na mimea miwili isiyomsumbua mwanagenzi: Anubias, yenye majani magumu ambayo samaki hawayapendi, na Ceratophyllum, isiyo na mizizi, ambayo hupatikana pia katika maziwa ya Afrika Mashariki. Maji ya mfereji aliyaacha ndooni siku nzima ili klorini ipungue.

Mzee aliishika Anubias kwa mkono wa kushoto, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Mama,” alimwita, kwa kuwa binti alirithi jina la nyanyake, “hii ni nduma. Ifukie, uitie samadi.”

“Ni nduguye nduma, Baba, lakini shina lake likifukiwa huoza. Nayo samadi itawaua samaki.”

Hakika, mimea hiyo ni ya jamii moja, ijapokuwa asili ya Anubias ni Afrika Magharibi na ya Kati. Tofauti yao ni kwamba Anubias hushikilia jiwe au gogo. Mzee alilishika jiwe, naye binti akazungusha uzi. Ceratophyllum iliachwa ielee. Taa iliwashwa saa nane tu kwa siku, kwani nuru nyingi hualika mwani.

Majuma yalipita. Ceratophyllum ilitanda haraka, maji yakatakata. Anubias ilitoa jani moja tu, nalo mzee akalihesabu kila asubuhi.

Ilipobidi Ceratophyllum ipunguzwe, jirani alishauri itupwe katika Mto Chania. Mzee alikataa katakata.

“Maji hayo huenda Tana, na Tana huingia Masinga. Mmesahau gugumaji?”

Alikumbuka jinsi gugumaji lilivyoziba fuo za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Mmea wa pambo hugeuka janga ukitupwa ovyo, na hata ule wa kienyeji waweza kubeba konokono na maradhi ya ugenini. Kwa hiyo ziada ilianikwa juani hadi ikakauka, kisha ikawa mbolea ya sukumawiki.

Siku binti alipofunga safari ya kurudi chuoni, samaki wangali wawili. Mzee hakumwuliza atarudi lini.

“Jani la pili linachomoza,” alisema. “Nenda ukasome. Mimi nina shamba la kutunza.”